Kijani cha Bi Ernestine

Jumatano, 2 Februari 1994

Limekwisha! Gauni limekwisha. Majani ya kitambaa elfu nne na mia mbili, moja moja, kwa sindano. Vidole vimepasuka pembeni mwa kucha na gundi inawasha, lakini leo sijali.

Leo sikukuu ya mishumaa, basi mchana tulipika chapati za maji palepale karakana, kwenye jiko la kuyeyushia gundi. Kila mtu anarusha yake hewani huku ameshika sarafu mkono wa pili, ili mwaka uwe mwema. Yangu iligeuka ikarudi kikaangoni kama imetumwa. Ya Ghislaine ilianguka sakafuni. Ghislaine ndiye mkuu wa mavazi, bosi wangu, na hajui kushindwa. Akaiokota, akaipuliza vumbi, akaila yote. Tulicheka hadi machozi.

Kisha akaingia Anselme, mwongozaji wa filamu. Alisimama mbele ya gauni bila kusema neno. Macho yakamjaa maji! Anselme Rouvray, ambaye mwezi uliopita alizikataa sampuli zangu kumi na moja, moja baada ya nyingine, akisema zinafanana na letasi. Akaniuliza kijani hiki nimekitoa wapi.

Nikasema: nimetia rangi mwenyewe.

Ulimi hauna mfupa. Ghislaine alikuwa ananitazama, sampuli zile kumi na moja bado zimebanwa ukutani, nami nina miaka hamsini na sita na hii huenda ikawa kazi yangu kubwa ya mwisho. Nikasema. Sasa limesemwa.

Ukweli nauandika hapa tu, kwenye daftari hili linalokaa mfuko wa aproni na halisomwi na mtu. Majani si yangu. Ni ya Bi Ernestine Cloarec, aliyenifundisha kutengeneza maua ya kitambaa nikiwa na miaka kumi na tisa, Paris, na alipokufa akaniachia vitu vyake vyote. Masanduku matatu ya rafu ya juu. Wasichana wa karakana ya bibi yake waliyatengeneza enzi ya Kaizari wa mwisho wa Ufaransa, na hayajapauka hata kidogo. Bi Ernestine hakuyafungua hata siku moja. Alikuwa akisema, "Yale ya juu tuyaache, Huguette. Yale yana wenyewe."

Wenyewe wamekufa miaka mia. Mimi nina gauni la kumaliza.

Marcelin, mkuu wa taa, alipoliona alirudi nyuma hatua tatu. "Kijani! Ndani ya seti! Mnataka tuzikane humu?" Watu wa jukwaa wa kizamani ndivyo walivyo, kijani kwao ni nuksi. Huyu hata neno kamba hatamki kazini, anasema "uzi mnene". Nikamwambia aende akalale na kitunguu shingoni.

Ijumaa, 4 Februari

Siku ya kwanza ya gauni mbele ya kamera. Sijapata kuona kitu kizuri namna hii maishani.

Kiwanda hiki cha zamani cha kusokota sufu hapa Elbeuf, mvua inavuja kila pembe—na katikati yake wamejenga msitu mweusi wa plasta hadi darini. Bwawa la maziwa mekundu. Meza ndefu yenye matunda ya kioo, na ndani ya kila tunda nondo aliyekaushwa. Mishumaa elfu tatu. Na Malkia anatoka ardhini. Mumewe alimzika hai, akaota majani, na kila majira ya kuchipua anafufuka kuwanywa damu wanaume wa ukoo ule, mmoja mmoja, kitandani. Si filamu ya watoto hii. Hata mimi kuna mahali nilitazama viatu vyangu.

Malkia ni Sidonie. Ana miaka ishirini na mitatu, mtoto wa muuza jibini wa Auvergne, ana adabu zote. Kola ya majani inampanda hadi midomoni. Taa za Marcelin zilipompiga, kijani kile kiliwaka chenyewe! Watu hamsini walisahau kupumua.

Alilivaa kwa muda wa saa sita. Jioni nilipomvua, pembeni mwa mdomo palikuwa pekundu. "Mama Huguette, linawasha kama upupu," akasema. Nikampaka mafuta. Mabegani alikuwa na vumbi la kijani, laini kama unga. Nikalipangusa kwa mkono wangu.

Jumatatu, 7 Februari

Sidonie ametapika mara mbili. Mara ya pili ndani ya bwawa la maziwa, ikabidi wabadilishe yote.

Maneno hayakosekani. Msusi anasema ana mimba. Ghislaine anasema ni woga wa kuwa uchi mbele ya watu. Anselme anasema ni chaza alizokula Jumapili, na ole wake atakayemlisha tena chaza. Marcelin hasemi kitu, anaelekeza kidole kwenye gauni tu, na vijana wake wa taa wanatikisa vichwa.

Nilikuwa wa kwanza kucheka. Kisha nikapenga kamasi, leso ikawa na damu. Baridi hii.

Jumanne, 8 Februari

Leo jani moja liling'oka begani kwa Sidonie, likapeperushwa na feni, likatua juu ya taa kubwa. Likashika moto. Si moto wa kawaida—ulimi mdogo wa kijani na buluu, kisha moshi mweupe. Harufu ikafika chini.

"Nani anakaanga kitunguu saumu huko?" Marcelin alipiga kelele kutoka juu ya ngazi. "Tunaomba na sisi!"

Watu wakaangua kicheko. Anselme hakucheka. Alikuwa ameinua uso kama mtoto anayetazama fataki. Akasema taratibu, "Mmeuona ule moto? Mmeona rangi ile?"

Mimi pia sikucheka. Harufu ile naijua kwa kusimuliwa. Bi Ernestine, dirishani, miwani puani, ananieleza jambo kuhusu kitunguu saumu na kijani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa namtazama kijana wa mkate ng'ambo ya barabara. Jambo gani? Jambo gani, mwanamke wewe?

Jumatano, 9 Februari

Sidonie alikuja karakana wakati wa chakula, akakaa kwenye kiti changu cha chini amejifunika blanketi. Hali kitu ila mchuzi wa kuku. Kope zimemvimba, sauti imekwaruza. Anselme amefurahi! Ati sasa ana sauti ya msitu.

Nikamwambia apumzike. "Nitapumzika vipi, Mama Huguette? Waigizaji mia mbili waliitaka nafasi hii. Baba ameshaliambia soko zima." Kisha akalishika jani kwenye gauni, akaligeuza kwenye mwanga. "Una mikono ya ajabu. Mtu anatiaje rangi kama hii?"

Nikasema ni siri ya kazi. Nimejichukia kutwa nzima.

Alhamisi, 10 Februari

Nimekumbuka. Ee Mungu wangu, nimekumbuka.

Nilikuwa nalowesha uzi mdomoni niupitishe kwenye sindano, kama ninavyofanya mara mia kwa siku, na sauti yake ikanijia wazi: "Usilambe, Huguette! Kijani usichokijua kitie tone la amonia. Kikigeuka buluu, funga sanduku, nawa mikono, toka nje." Kijani cha zamani kilipikwa kwa shaba na arseniki. Dawa ya panya! Wasichana wa bibi yake walikinyunyiza kwa mkono juu ya majani mabichi ya nta, vidole vikaoza hadi kwenye kucha, na wenye bahati waliacha kazi mapema. Ukikichoma kinanuka kitunguu saumu. Ndiyo maana hakuyafungua. Yana wenyewe!

Adhuhuri, wenzangu walipokwenda kula, nilichukua chupa ya amonia ya kusafishia sakafu. Jani moja kwenye sahani nyeupe. Tone moja.

Buluu. Buluu nzito, papo hapo, kama wino.

Nikajaribu la pili, la sanduku jingine. Buluu. La tatu. Nimenawa mikono mara nane, na bado nahisi nimeshika sumu.

Chapati za maji! Tulikula kwa mikono hii hii. Ghislaine aliokota yake sakafuni. Na Sidonie anapumua ndani ya kola ile saa sita kwa siku, anatoka jasho ndani yake.

Nitasema kesho. Asubuhi na mapema, kwanza kabisa.

Ijumaa, 11 Februari

Sikusema.

Nilifika saa moja. Nikaifumua kola yote, nikaweka majani mapya niliyoyapaka rangi ya maji, ya letasi. Nikajidanganya kwamba kola ndiyo yenye hatari, mengine yako mbali na mdomo. Sidonie akavaa. Anselme akatazama kwenye kamera sekunde tatu.

"Bi Huguette. Nani ameniulia kijani changu?"

Nikasema kola ilikuwa inamchubua mtoto. Akasema kwa upole—upole wake ndio mbaya—kwamba mtoto anaigiza Malkia anayefufuka kaburini, achubuke kidogo. Nirudishe ile. Ghislaine akanikata jicho. Nikarudisha. Kwa mikono yangu. Nilimfunga shingoni kwa mikono yangu nikijua! Alilivaa kwa muda wa saa tano.

Na sasa jambo jingine. Mwisho wa filamu wanakijiji wanachoma gauni la Malkia, naye anatoka ndani ya moshi bila kitu, ngozi tupu. Tulikuwa na nakala ya karatasi ya kuchoma. Leo Anselme ameijaribu, imewaka kama moto wa jalala. Akaitemea mate. Jumanne, siku ya kanivali, watachoma lenyewe, lile la kweli, kwa sababu ya moto ule wa kijani alioupenda. Majani elfu nne. Watu sitini ndani, milango imefungwa upepo usiingie, na feni mbili zitasukuma moshi kwa Sidonie, apite katikati yake taratibu, mara tatu au nne, hadi picha ikae sawa.

Ghislaine amenishika bega. "Usilie, mpenzi. Najua, kazi ya miezi mitatu. Lakini litakufa kifo kizuri."

Jumapili, 13 Februari

Nimekaa nyumbani na vitasa vyote viwili vimefungwa, kama kwamba kuna mtu atakayekuja. Nimeandika barua kwa Ghislaine mara nne. Zote zinaanza vizuri. Zinapofika mahali pa kusema "nilidanganya", mkono unasita. Zote nimezitia motoni.

Naogopa nini hasa? Niandike, nimwone adui usoni. Naogopa jina langu. Miaka thelathini na saba watu wanasema: mpe Huguette Lemarchal, huyo hakosei. Naogopa polisi. Naogopa baba yake Sidonie kule Auvergne na soko lake zima. Zaidi ya yote naogopa macho ya Sidonie atakaponiuliza.

Alinipigia simu mchana. Amekwenda kwa daktari Rouen. Daktari amemuuliza chakula, dawa, rangi za uso, hata maji anayokunywa, na hakuona kitu. Ameandika "mzio". Angemwuliza gauni! Nani angewaza kuuliza gauni?

"Miguu inachoma kama siafu, Mama Huguette. Lakini bado siku mbili tu."

Nikasema: siku mbili tu. Hivyo tu ndivyo nilivyosema.

Jumatatu, 14 Februari

Nimejitahidi leo, nusu. Asubuhi nilimvuta Marcelin nyuma ya msitu wa plasta. Nilimchagua yeye kwa sababu nilijua ataamini. Nikamwambia gauni lile lisichomwe, kijani chake kina sumu. Sikumwambia nimejuaje.

Aliamini kabla sijamaliza! Akashika msalaba wake shingoni, akaenda moja kwa moja kwa Anselme, mbele ya watu wote: "Mkuu, gauni lisiguswe na moto. Kijani ni kifo, na sasa hata Bi Huguette anakubali."

Seti nzima ikacheka. Wiki mbili anaimba wimbo huohuo, nani atamsikiliza leo? Mmoja akapiga mluzi kumchokoza, maana mluzi nao ni nuksi. Mwingine akaropoka "Kamba! Kamba! Kamba!" Anselme akageuka kwangu akitabasamu. "Na wewe, Bi Huguette? Wewe uliyetia rangi mwenyewe, kuna sumu?"

Watu wote wananitazama. Sidonie ndani ya gauni, kope nene, ananitazama pia. Anatabasamu.

Nikasema, "Marcelin anapenda utani."

Nimeandika sentensi hiyo, nikaiangalia, nimeona aibu hadi masikio yamepata moto. Wazee hawakuwa wajinga. Hawakuogopa rangi, waliogopa kilichokuwamo ndani yake, wakazika wenzao, na waliobaki wakasahau sababu wakakumbuka woga. Mimi ndiye nimeikumbuka sababu. Na mimi ndiye niliyecheka.

Leo amelivaa kwa muda wa saa saba.

Jumanne, 15 Februari. Kanivali

Saa nne asubuhi. Wameleta maandazi ya kanivali, sinia nzima. Siwezi kumeza. Gauni limesimamishwa kwenye mti wa plasta. Zimamoto wawili wako mlangoni na ndoo zao, wanatania. Mafundi wa kuwasha moto wanajaribu feni. Chupa ya amonia iko kwenye mfuko wa aproni, inagongana na daftari hili. Sijui nitafanya nini.

Saa tano na ushei. Naandika haraka. Nimejifungia ghala la mavazi na gauni liko humu pamoja nami.

Anselme aliamuru watu wanyamaze. Taa nyekundu ikawaka. Mwanakijiji akainua mwenge. Nikapita mbele ya kamera—mimi!—nikafungua chupa, nikalimwagia gauni kifuani. Macho yakaniwasha. Na kijani kikageuka mbele ya watu sitini. Buluu ikaanza kifuani, ikateremka jani kwa jani, kama usiku unavyoshuka bondeni.

Nikapiga kelele: "Ni sumu! Msilichome! Ni sumu ya kweli!"

Sauti ya Anselme, ya chini, imejaa mapenzi: "Jamani... uzuri ulioje. Kamera isizimwe. Bi Huguette, mimina tena."

Mimina tena! Akamwashiria mwenye mwenge asogee. Hapo nikalikumbatia gauni lote, nikaling'oa mtini, nikakimbia nalo kama mwizi wa kuku. Majani yanadondoka nyuma yangu. Nikafunga mlango kwa ufunguo.

Sasa wanagonga. Ghislaine kwanza: "Huguette, umechanganyikiwa? Fungua, tuzungumze kama watu wazima." Kisha Anselme, ngumi. Kisha nikamsikia Marcelin akisema, "Mwacheni! Mnaona sasa? Mnaona?" Kisha wote wakauacha mlango, wakaanza kuliita jina la Sidonie.

Sidonie ameanguka. Wamemlaza hapohapo ukumbini, nje ya mlango wangu. Nasikia anavyohema.

Ghislaine amerudi na sauti nyingine kabisa. Simu ya ofisini imevutwa hadi hapa na waya wake mrefu, daktari wa Rouen yuko upande wa pili. Anaulizia sumu. Kila sumu na dawa yake, anasema, lakini hawezi kubahatisha, lazima ajue ni ipi na imemwingia siku ngapi. "Huguette, ulitia nini kwenye rangi ile? Ulichanganya nini?"

Sikuchanganya kitu! Wanauliza kitu nisichofanya, na jibu lake ni kile nilichofanya.

Nimefungua mdomo. Nimeita "arseniki" na imetoka hewa tupu. Koo langu nalo limekwaruza—vumbi hili—hata mimi mwenyewe sijajisikia.

"Mama Huguette." Ni yeye. Yuko chini kabisa, mdomo karibu na sakafu. Haniombi nifungue. "Ulijua tangu lini?"

Nimesimama. Nimekaa tena. Ufunguo uko sakafuni, umbali wa hatua mbili, na siuokoti. Daktari anangoja. Ghislaine anasoma dakika kwa sauti.

Tangu lini. Siku ngapi. Sumu ipi. Yote yameandikwa humu, na tarehe zake, na saa alizolivaa.

Uwazi wa chini ya mlango ni mpana kuliko kidole changu. Nimelipima daftari. Linapita